Kura Isiyo na Hadithi: Fasihi ya Kihistoria ya Watoto na Wanawake wa Kibera na Kawangware

Mtoto wa shule ya msingi anayeishi Kibera au Kawangware, akitaka kusoma hadithi ya wanawake walioipigania haki ya kupiga kura, hana budi kwenda London. Haendi kwa ndege wala kwa meli. Anapelekwa na kitabu cha msaada, kilichotoka katika sanduku la vitabu vilivyokwisha kusomwa na watoto wa Uingereza au Marekani, kikapangwa katika rafu ya maktaba ndogo ya kanisa au ya shirika la hisani. Humo atawakuta wanawake waliojifunga minyororo kwenye vyuma vya ua, waliogoma kula magerezani, na Emily Davison aliyeangushwa na farasi wa mfalme huko Epsom mwezi Juni 1913. Ni hadithi nzuri, wala hakuna sababu ya kumnyima mtoto yeyote. Lakini atakapokifunika kitabu hicho atakuwa amekwisha kuamini kwamba mapambano ya wanawake ni jambo lililotukia ughaibuni, na kwamba nchini Kenya kura ilishushwa mlingotini pamoja na bendera ya Mwingereza usiku wa Desemba 1963.

Mwaka huo huo wa 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka vijiji vya Wagiriama, akiwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za serikali ya kikoloni. Alikamatwa, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, naye akatoroka mwaka 1914. Jina lake, kwa bahati njema, limeanza kuingia katika vitabu vya watoto. Hata hivyo, linaingia kama jina la shujaa wa mbali, wa misitu na kaya, asiyehusiana kwa lolote na mtoto anayevuka reli ya Kibera asubuhi akiwa na mtungi wa maji mkononi. Makala haya yanadai kwamba pengo lililopo katika fasihi ya kihistoria ya watoto halikusababishwa na uchache wa historia, wala na umaskini wa Kiswahili. Limesababishwa na mazoea ya waandishi, wachapishaji na wahakiki ya kuwaona wakazi wa mitaa ya mabanda kuwa watu wenye matatizo, na si watu wenye historia.

Yafaa kuanza na historia yenyewe, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya wanawake na kura nchini Kenya huianzia mwisho. Harakati ya kwanza iliyoundwa waziwazi kudai kura ya wanawake katika nchi hii haikuwa ya Waafrika. Ilikuwa ya wake wa walowezi, walioanzisha jumuiya yao, East African Women's League, mwaka 1917. Hawakungoja sana. Mwaka 1919 sheria ya Baraza la Kutunga Sheria iliwapa wanawake wa Kizungu kura sawa na waume zao. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka wa kazi uliowataka maofisa wa wilaya na machifu wahimize Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na waraka huo haukuwaacha nje wanawake na watoto. Serikali ni moja, gavana ni mmoja, mwaka ni mmoja: mwanamke mmoja anakabidhiwa karatasi ya kura, na mwingine anasukumwa kwenda kuchuma kahawa ya mume wa yule wa kwanza.

Mwandishi wa watoto ambaye hakuitafakari miezi hiyo ya 1919 hawezi kuandika riwaya ya kweli juu ya kura ya wanawake wa Kenya, hata angekuwa na ufundi wa namna gani. Msuko wa hadithi ya Uingereza umejengwa juu ya mlango mmoja: wanaume wako ndani, wanawake wako nje, na hadithi inakwisha mlango unapofunguka, nusu mwaka 1918 na wote mwaka 1928. Kenya haikuwa na mlango wa namna hiyo. Mwanamume Mwafrika alikuwa nje pia, ameninginiza kipande shingoni, na aliyekuwa ndani alikuwa mwanamke, ila ni memsahib. Mwandishi akiuchukua msuko huo jinsi ulivyo na kuubandika juu ya Nairobi, atalazimika kufanya moja kati ya mawili: amgeuze mhusika wake mkuu kuwa memsahib mdogo mwenye ngozi nyeusi, au awafanye baba na kaka zake kuwa maadui wa pekee huku mkoloni akipita kwa nyuma kama mandhari. Makosa yote mawili yameonekana katika maandishi ya wanafunzi na katika miswada ya mashindano, na yote mawili husifiwa kwa jina la kutetea haki za wanawake.

(Zanzibar ni kisa kingine, na inashangaza kwamba waandishi wa huko hawajakishika kwa nguvu zaidi. Katika uchaguzi wa 1957 wanaume wa Zanzibar waliotimiza masharti walipiga kura na wanawake wakaachwa. Katika uchaguzi wa Januari 1961 wanawake walikuwamo. Hapo mlango ulikuwapo hasa, na msichana wa Ng'ambo aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1957 angeweza kuuona ukifunguka. Mwandishi wa Unguja hahitaji kuazima chochote Epsom.)

Nairobi ilikuwa na kitu kingine. Harry Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Miongoni mwa mambo aliyoyapinga ni kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi za barabara na za mashambani, na ndiyo maana wanawake walimpenda kuliko walivyowapenda wazee waliokuwa wakipokea mishahara ya serikali. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimokuwa amefungwa, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Wajumbe wanaume waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka na kuwaambia watu warudi majumbani. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza mbele, akapandisha nguo zake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake na wampe yeye suruali zao. Wanawake wengine wakapiga vigelegele, umati ukasonga, bunduki zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Taarifa ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa, wanne kati yao wakiwa wanawake. Waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi. Barabara inayopita mahali hapo leo inaitwa Harry Thuku.

Tendo la Nyanjiru, ambalo kwa Kikuyu linaitwa guturama, si ukosefu wa haya. Ni laana, na ni laana ya mwisho, ambayo mwanamke aliyekomaa huitumia pale njia nyingine zote zilipofungwa. Kinachotendeka tendo hilo linapohamishiwa kwa watoto ni kwamba linafutwa. Nyanjiru wa masimulizi ya shule huwa «anapaza sauti», «anawatia wanaume moyo», au «anaongoza nyimbo». Kwa maneno mengine, anafanywa kuwa kiranja wa kwaya. Sababu inayotolewa ni adabu. Adabu ni jambo la kuheshimiwa, lakini mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana haki ya kuuliza ni adabu ya nani inayolindwa. Lugha hii ina hazina ya tasfida isiyo na kifani; ina namna za kusema juu ya mwili, uzazi na mauti mbele ya watoto bila ya kumtia mzee yeyote aibu. Bibi anayesema kwamba mwanamke «aliwaonyesha wanaume walikotoka» amesema yote yanayohitajika. Mtoto wa miaka minane ataelewa sehemu yake, wa miaka kumi na mitatu ataelewa iliyobaki. Kufuta tendo lote ni uvivu wa kisanaa uliojivika kanzu ya maadili.

Isitoshe, kufuta huko kunamharibia mtoto uwezo wa kuielewa historia ya juzi. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wangu Wamwere akiwa mmoja wao, waliketi katika bustani ya Uhuru Park na kuanza mgomo wa kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya polisi waliokuwa na umri wa wana wao. Baadaye walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa huko kwa muda mrefu, na wengi wa wafungwa wakaachiliwa mapema mwaka 1993. Kati ya Nyanjiru na mama hao kuna miaka 70 na mwendo mfupi wa miguu. Mtoto aliyesoma kwamba Nyanjiru «alipaza sauti» hawezi kuuona uzi unaoyaunganisha matukio hayo mawili, na riwaya ya kihistoria ina kazi gani nyingine kama si kumwonyesha msomaji uzi kama huo?

Itasemwa kwamba Kenya ina fasihi ya kihistoria ya watoto, na ni kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika visa vya Njamba Nene kwa Kikuyu mwanzoni mwa miaka ya themanini, vikatafsiriwa kwa Kiingereza na Wangui wa Goro. Meja Mwangi alichapisha Little White Man mwaka 1990, hadithi ya urafiki wa mvulana wa Kiafrika na mvulana wa Kizungu katika kivuli cha vita vya Mau Mau. Ni kazi zinazostahili kuheshimiwa, na pengine bado ndizo bora katika uwanja wake. Katika Njamba Nene hasa kuna jambo la kuvutia: maarifa ya historia ambayo mvulana huyo anawashangaza nayo wenzake ameyapata kwa mama yake. Lakini maarifa yakishatoka kwa mama huhamia kwa mwana, na ni mwana anayekwenda msituni, na ni mwana anayekabidhiwa bastola. Mama anabaki kuwa maktaba. Katika kisa cha Meja Mwangi ulimwengu wa kitendo ni wa wavulana na wanaume mwanzo hadi mwisho. Mtu asidhani kwamba hapa wanatuhumiwa kwa chuki. Kila mwandishi huandika utoto anaoujua. Kinachotuhumiwa ni ukimya wa miaka zaidi ya thelathini baada yao, wakati ambapo hapakuwa na uhaba wa mifano. Muthoni wa Kirima alipigana msituni hadi uhuru na akafa mwaka 2023 akiwa na cheo cha jemadari katika midomo ya watu wake. Wambui Waiyaki Otieno aliandika kumbukumbu zake, Mau Mau's Daughter, mwaka 1998, na humo kuna msichana wa mjini, mpelelezi wa Mau Mau katika Nairobi iliyojaa vizuizi, baadaye mwanaharakati katika chama cha Tom Mboya. Hilo peke yake ni shehena ya riwaya tatu za vijana.

Badala ya riwaya, watoto wamepewa wasifu. Kila mwaka wa maadhimisho huzaa kijitabu kipya cha mwanamke wa kwanza kufanya hiki au kile: Grace Onyango, meya wa Kisumu mwaka 1965 na mbunge wa kwanza mwanamke wa kuchaguliwa mwaka 1969; Margaret Kenyatta, meya wa Nairobi kuanzia 1970; Wangari Maathai na Tuzo ya Nobeli ya 2004. Wanawake hawa wanastahili kusimuliwa. Lakini wasifu wa aina hii huenda kwa mwendo mmoja tu, kutoka kijijini kwenda ikulu au bungeni, na mhusika huzaliwa akiwa amekwisha kuwa shujaa. Haogopi, hakosei, hagombani na mama yake. Katika istilahi za darasani ni mhusika bapa. Shaaban Robert, ambaye hakujiita mtetezi wa wanawake kwa lugha ya leo, alifanya vizuri zaidi katika Wasifu wa Siti binti Saad uliotoka mwaka 1958: Siti wake ni mtoto wa Fumba, muuza vyungu aliyetembea na mzigo kichwani, aliyedharauliwa kwa asili yake na sura yake, na msomaji anaona hatua kwa hatua jinsi sauti inavyomtoa katika dharau hiyo bila ya kumfutia alama zake. Kijitabu cha «mwanamke wa kwanza» humtoa mwanamke katika umati na kuuacha umati barazani. Nyanjiru hakuwa wa kwanza katika lolote linaloweza kuandikwa kwenye cheti. Alikuwa mtu katika umati.

Na hapo ndipo Kibera na Kawangware zinapoingia. Mitaa hii miwili haikosekani kabisa katika vitabu vya watoto vya miongo mitatu iliyopita. Imejaa humo. Imejaa kama jalala, kama mahali pa gundi, pombe haramu, ukimwi, mimba za mapema na baba asiyerudi nyumbani. Wingi wa vitabu hivyo ni vya mradi: shirika limepata fedha za kupambana na jambo fulani, mwandishi amepewa orodha ya ujumbe unaotakiwa, na mhusika anapelekwa Kibera ili ateseke kurasa arubaini na kuokolewa na mwalimu au mfadhili katika ukurasa wa arubaini na moja. Katika vitabu hivyo Kibera haina jana. Ilianza siku mhusika alipougua. Mtoto wa Lavington au wa Karen hupewa hadithi za wasafiri, wafalme na vita. Mtoto wa Kawangware, anayetenganishwa na Lavington na barabara tu, hupewa hadithi za kumkumbusha anawe mikono. Huo ni ubaguzi wa kifasihi, na haupungui ubaguzi kwa kuwa umefadhiliwa.

Kibera ina jana ndefu kuliko nyingi za mitaa ya Nairobi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kukaa huko mwaka 1904, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Walikaa kwa vibali, si kwa hati. Serikali iliyowatumia haikutaka kuwahesabu kuwa wenyeji wala haikuwarudisha walikotoka babu zao, na serikali ya uhuru ikairithi mashaka hiyo. Hati ya jumuiya ilitolewa mwaka 2017 kwa ekari 288. Jambo linalohusu makala haya ni kwamba kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyefikisha miaka 18 hakuchukua kitambulisho jinsi jirani yake Mluhya au Mkamba alivyochukua. Alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akatakiwa alete vyeti vya babu na bibi. Bila ya kitambulisho hakuna kuandikishwa, na bila ya kuandikishwa hakuna kura. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa, iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia wao. Uamuzi wa kwanza wa bara zima juu ya haki za mtoto ulitokana na shauri lililowahusu watoto wa Makina na wenzao. Iko wapi hadithi ya watoto inayolisimulia shauri hilo?

Itapingwa kwamba hilo ni suala la uraia, si la kura ya wanawake. Upinzani huo unatokana na kule kule London. Mwingereza mwanamke wa 1913 alikuwa na uraia na hakuwa na kura, kwa hiyo aliweza kuvitenganisha. Msichana wa Makina hakuweza. Kwake kura ilipita katika cheti cha bibi, na bibi wa Kinubi, aliyezaliwa nyumbani na kuolewa kwa nikaha isiyoandikwa katika daftari la serikali, ndiye aliyekuwa na vyeti vichache kuliko wote. Riwaya inayomfuata msichana huyo akitafuta karatasi za bibi yake kutoka nyumba hadi nyumba, kutoka Makina hadi Lindi, ingekuwa riwaya ya kura ya wanawake kwa maana kamili ya neno hilo, na ingekuwa na msuko wa upelelezi ambao watoto huupenda. Ingeweza pia kuuliza swali gumu zaidi, ambalo wasifu hauthubutu kuligusa: babu wa babu yake alikuwa upande gani wa bunduki za mfalme?

Kawangware ina kisa chake. Kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa wakati wa uhuru, sehemu hiyo ya Dagoretti ilihesabiwa katika wilaya ya Kiambu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, wanaume wengi walichukuliwa vizuizini na nyumba zikabaki na wanawake. Mwezi Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Masharti yaliyotokana na ripoti ya Walter Coutts yalipima elimu, kipato, mali na utumishi wa serikali au jeshi. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja, aliyetimiza zaidi aliweza kupata hadi kura tatu. Juu ya hayo, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitakiwa wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Sheria haikusema popote kwamba mwanamke asipige kura. Haikuhitaji kusema. Mwanamke wa Kawangware aliyekuwa hajasoma, asiye na mshahara, ambaye mume wake yuko kizuizini, alikuwa na sifuri. Karani aliyekula kiapo cha utii aliweza kuwa na tatu. Eliud Mathu, mzaliwa wa pande hizo hizo za Dagoretti na Mwafrika wa kwanza katika Baraza hilo tangu 1944, alishindwa na Bernard Mate kutoka Meru, na sababu mojawapo ni kwamba watu wa kwao hawakuruhusiwa kumpigia.

Hesabu hiyo ya sifuri na tatu inaeleweka na mtoto wa darasa la nne kuliko hotuba yoyote juu ya usawa. Mpe mwandishi msichana wa miaka kumi na mmoja aliyejifunza hesabu kwa vijiti, mwambie mama yake akamwulize kwa nini jirani ana tatu na yeye hana hata moja, na riwaya imeanza. Haihitaji shujaa. Marjorie Oludhe Macgoye alithibitisha katika Coming to Birth (1986) kwamba mwanamke asiye na cheo chochote, anayeshuka garimoshi Nairobi mwaka 1956 bila ya kujua njia, anaweza kubeba historia ya taifa zima katika mimba zake zilizoharibika na katika kifo cha mwanawe. Wanafunzi wa sekondari wamesoma riwaya hiyo kwa ajili ya mitihani. Mfano uko mikononi mwa kila mwandishi aliyepita shule za Kenya, naye anauacha aende akaandike juu ya chokoraa na gundi.

Kuna wanaosema siasa si chakula cha watoto, hasa mahali ambapo kura imemwaga damu. Mwanzoni mwa 2008 Kibera iliungua, Soko la Toi likateketea, na Tume ya Jaji Waki iliorodhesha mwaka huo huo dhuluma walizotendewa wanawake. Mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, nyumba na vibanda vilichomwa Kawangware. Watoto walikuwako. Walilala chini ya vitanda. Anayesema wasisimuliwe historia ya kura kwa sababu ni wadogo anawaachia maelezo ya pekee waliyonayo, yale ya mtaani, ambayo husema kura ni jambo la kabila fulani dhidi ya kabila fulani. Si kwamba riwaya lazima ionyeshe kila jeraha. Kuna umri wa kila jambo, na mwandishi mwenye busara anaujua. Ila msomaji wa miaka kumi na miwili ambaye mama yake alifunga genge kwa wiki mbili kwa ajili ya uchaguzi hawezi kudanganywa kwamba uchaguzi ni foleni ndefu na wino kidoleni.

Hoja ya lugha ndiyo dhaifu kupita zote, na bado inasikika katika mikutano ya waandishi: eti watoto wa mitaa hiyo husema Sheng, kwa hiyo riwaya ya kihistoria kwa Kiswahili sanifu itawapita juu ya vichwa. Ken Walibora hakuona hivyo alipoandika Ndoto ya Amerika, na watoto waliisoma wakacheka. Zaidi ya hayo, historia ya mitaa hii ni historia ya lugha. Katika ua mmoja wa Makina mtoto husikia Kinubi cha bibi, Kiluo au Kiluhya cha mpangaji, Kiswahili cha msikitini na Sheng cha ndugu zake, na husikiliza vyote bila ya kuchanganyikiwa. Msimulizi wa Kiswahili sanifu anayewaachia wahusika lugha zao mdomoni hapungukiwi na usanifu. Anakuwa mkweli. Tatizo liko katika miongozo ya wahariri wanaofuta neno la Kinubi kwa sababu halimo katika kamusi, kisha wakalalamika kwamba vitabu vya Kiswahili havina ladha ya mahali.

Kuhusu wachapishaji hakuna mengi ya kusema ambayo hayajasemwa. Kitabu kisichokuwa katika orodha iliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala hakina soko, na mchapishaji hula kwa soko. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2017 unazungumza sana juu ya uraia na uwajibikaji. Ikiwa maneno hayo yana maana, basi nafasi ya hadithi ya 1919, ya 1922 na ya 1957 imo ndani yake, na wanaokaa katika kamati za uteuzi, ambao wengi ni walimu wa vyuo vikuu, hawawezi kujificha nyuma ya wachapishaji.

Wala idara za Kiswahili hazina udhuru. Tasnifu za uzamili zinaendelea kuchambua riwaya zile zile teule kwa nadharia mpya, na fasihi ya watoto huachiwa mwanafunzi aliyekosa mada. Masimulizi simulizi ya wanawake wa Makina, Lindi, Gatina na Kabiro juu ya uchaguzi wa kwanza waliopiga kura yangekuwa kazi ya uwandani yenye manufaa kwa mhakiki na kwa mwandishi kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo malighafi ya riwaya isiyokuwapo. Kazi hiyo ina kikomo cha wakati kinachohesabika. Mei 1963, Waafrika wote walipopiga kura bila ya masharti ya mali wala elimu, umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21. Mwanamke aliyepiga kura siku hiyo alizaliwa mwaka 1942 au kabla yake, na leo amekwisha kupita miaka themanini.